Mwezi wa Kungoja Pingamizi

Ghorofani kwa Mwalimu Bhargavi,
Jumamosi, mvua inanyesha.

Baba yangu mpenzi,

Asifiwe Yesu Kristo. Hilo nimekuwa nikikwambia kila jioni baada ya rozari tangu nilipojua kusema, na sioni sababu ya kuliacha eti kwa kuwa siku hizi kila mtu anasali kwake. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti hayakutesi sana kwa unyevu huu. Mvua zikianza huwa hugemi mpira, kwa hiyo najua unashinda barazani umenuna, unasoma gazeti moja asubuhi na jioni kana kwamba habari zitabadilika. Mdogo wangu Jinsy hajambo? Kikohozi kimemwacha? Na yule ng'ombe mkorofi amezaa, au bado anawatia presha? Mimi sijambo. Nakula vizuri, labda kupita kiasi, na nalala, ingawa usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu.

Baba, sitakuzungusha. Pingamizi lako nimeliona. Msajili wa ndoa aliniita ofisini akanipa nilisome, na chini yake nikaona sahihi yako, ile unayoitia mkia mrefu kama unamaliza kazi ngumu. Jumanne saa nne asubuhi utaketi mbele yake, naye atakuuliza kama bado unalishikilia. Ukilishikilia naye akaridhika, mimi na Nishad hatutaoana. Ukiliondoa, tutaoana siku hiyo hiyo, maana mwezi wa tangazo utakuwa umekwisha. Ndiyo maana barua hii nimempa Thankachan, dereva wa basi la asubuhi, nikamwambia akupe mkononi, wala asimpe Baba Mdogo Paulose hata akiambiwa umelala.

Nishad unamjua kwa jina tu, na jina ndilo lililokutosha. Acha basi nikwambie mengine. Ni fundi wa nguzo katika shirika la umeme, pale pale ninapopokea malipo ya bili mimi. Ana sauti ndogo na mikono mikubwa. Usiku ule upepo ulipoangusha miti yenu yote ya mpira ya upande wa bonde, aliyepanda nguzo mkapata taa alfajiri alikuwa yeye, na wewe mwenyewe ulimpa chai ukamsifu kwamba ni kijana asiye na maneno. Hukumuuliza jina siku hiyo. Nami nilikaa kimya jikoni, nikafurahi peke yangu.

Tulipoamua kuoana, kila upande ulitupokea kwa upole kuliko tulivyotarajia, na upole huo ndio uliotubana. Mjomba wake, Mzee Moideen, alinikaribisha biriani ya samaki, akanishibisha, kisha akasema jambo hili si gumu kabisa, ni maneno machache tu ya kutamka, saa moja haifiki, na jioni tunakula harusi. Jina jipya walikwisha kunichagulia, zuri tu, na shangazi zake walianza kuniita nalo kabla sijajibu. Wiki iliyofuata Padri Jerin akamwita Nishad. Naye alikuwa mpole. Akamwambia kijana, kanisa lina huruma, wewe jifunze katekisimu kidogo, ubatizwe, mambo mengine niachie mimi. Na yeye pia alikuwa na jina mkononi. Nishad alimjibu kwamba akirudi nyumbani anaitwa Joseph, bibi yake atatoka kaburini aje amchape. Padri alicheka, lakini sharti lake hakulilegeza.

Tukarudi tukatazamana. Kila mmoja alitufungulia mlango kwa mapenzi kabisa, mradi mmoja wetu abaki nje. Mimi sitaki kuacha rozari yangu, Baba, wala sitaki mtu aliyeacha swala zake kwa ajili yangu, kwa sababu siku tukigombana kwa chumvi ya mchuzi atanikumbusha. Tukaenda kwenye sheria ya serikali, ile inayooanisha watu bila kuwauliza wanasali wapi.

Sheria hiyo nilikuwa naisikia sikia tu. Mwalimu Bhargavi, mjane huyu aliyenipa chumba, alifundisha uraia maisha yake yote, na anasema aliifundisha kama shairi la kukariri, hakutegemea kwamba siku moja itakuja kulala ghorofani kwake na kumaliza wali wake. Kwa padri au kwa sheikh ningeolewa haraka. Kwa serikali, ambayo haitaki nibadilike hata unywele, majina yetu hubandikwa ukutani mwezi mzima pamoja na picha, ili yeyote mwenye pingamizi ajitokeze. Kanisani nako ndoa hutangazwa, lakini wanaosikia ni watu wetu. Ukuta wa serikali husomwa na kila apitaye, mwenye nia na asiye na nia. Nilimuuliza Mwalimu ni sheria gani hii inayokulinda kwa kukuanika. Akasema sheria ni chandarua, mbu hawaingii, lakini humo ndani utatoka jasho.

Na jasho limenitoka. Kosa lilikuwa langu, kosa la mtu wa kwetu. Mahali pa anwani ningeweza kuandika namba ya kitongoji tu ikatosha. Lakini sisi mtu akiulizwa anatoka wapi hutaja jina la nyumba, ndivyo tulivyolelewa, ukimtaja mtu bila nyumba yake ni kama umemtaja bila kichwa. Nikaandika Maliyekkal kwa mwandiko mzuri. Nishad naye akaandika nyumba yao. Kila asomaye akajua huyu ni wa nani na yule ni wa nani, kabla hata ya kutazama sura. Kabla ya saa ya kula mchana mtu alikuwa amepiga picha tangazo, likazunguka kwenye simu za vijana wa parokia na za vijana wa msikiti vile vile. Wale wakasema binti yetu ametegwa, hawa wakasema kijana wetu amerogwa. Ni mara ya kwanza nimeona pande hizo mbili zikikubaliana. Na picha yenyewe, Baba, ni ile niliyopigwa nikiwa na mafua.

Tangu siku hiyo sitoki, isipokuwa kwenda kwa msajili. Nimezoea kuhesabu watu na chenji kazini, sasa nahesabu vigae vya jirani. Dirishani nasimama nyuma ya pazia. Polisi walipata maelezo yetu, wakamwambia Mwalimu awapigie akiona vurugu, na kusema kweli ni mara moja tu walikuja kuwatawanya waliokuwa wanapiga kelele getini. Nashukuru. Lakini kulindwa hivi kunachosha, na siku nyingine nimelia kwa hasira tu, nikijiuliza nimeiba nini. Kuna usiku nilifungasha begi ili nirudi nyumbani. Kuna mchana nilitaka nitamke yale maneno ya Mzee Moideen, yaishe. Sikufanya lolote kati ya hayo, si kwa ushujaa, ni kwamba kila njia niliyoifikiria ilikuwa na watu wanaoningoja mwishoni wakiwa na jina langu jipya au la zamani.

Baba Mdogo aliweka ulinzi wake, nadhani unajua. Bibin, mtoto wake, anashinda katika kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, ananichunga nisitoroke. Amenenepa kwa ndizi za kukaanga. Siku ya kwanza aliponiona nyuma ya pazia alinipungia mkono kwa furaha, kisha akakumbuka kwamba sisi ni maadui, akauficha mkono mfukoni. Siku moja umeme ukakatika mtaa mzima, akaja fundi na kofia yake ngumu na koti la mvua, akasimamisha ngazi kwenye nguzo iliyo mbele ya dirisha langu. Ngazi ikawa inateleza kwenye matope. Bibin akatoka mbio kibandani kuishika, akawa anasema kwa sauti, “Panda tu kaka, nimekushikia, usiogope.” Kaka akapanda. Akashughulika na nyaya kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, tukazungumza naye kupitia nondo za dirisha mpaka taa zikawaka. Alikuwa Nishad. Aliposhuka, Bibin alimkaribisha chai, hakumtambua chini ya kofia. Usimgombeze, Baba, ni kijana mwenye moyo mwema, ila kazi aliyopewa haimfai.

Baba Mdogo mwenyewe alikwenda kwa msajili mara mbili. Msajili ni mama mmoja mpole, Bibi Prameela, mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Mara ya kwanza Baba Mdogo aliingia na wazee watatu wa parokia, akasema kwa nguvu kwamba ndoa hii haikubaliki, ni dharau kwa kanisa na kwa ukoo. Bibi Prameela aliwakalisha akawaeleza kwamba pingamizi anaruhusiwa kulipokea kwa mambo manne tu. Ama mmoja wetu ana mume au mke aliye hai. Ama hajafika umri. Ama tuna undugu wa karibu mno. Ama mmoja hana akili timamu. Akamuuliza lake ni lipi. Baba Mdogo akasema, “Wee mama, langu si la dini?” Naye akamjibu, “Dini haimo, ndugu. Ingekuwemo ningeshaisoma, niko hapa tangu nywele hazijageuka nyeupe.” Wakaondoka wakinung'unika kwamba sheria gani haina dini. Niliposimuliwa hayo nilipumua. Nilidhani chandarua kimeshika.

Kumbe Baba Mdogo alikuwa ameondoka na lile la nne kichwani, na mara ya pili alirudi na pingamizi lenye sahihi yako.

Bibi Prameela aliponikabidhi pingamizi alisema hana furaha nalo ila hana hiari, likiwa ni moja kati ya manne lazima alisikilize, na aliyelitoa ni mzazi. Nikasoma kwamba binti yangu Lincy si mzima wa akili, aliwahi kulazwa kwa maradhi hayo. Halafu nikaona jina la hospitali. Baba Mdogo hakulijua jina lile kabla. Padri hajui, Jinsy hajui. Duniani kote tulilijua mimi na wewe.

Nilikuchukia jioni hiyo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na siwezi kukuandikia barua ya uongo. Nilikumbuka mwaka alipofariki Mama, nilivyonyamaza, nilivyokuwa siwezi kumeza hata uji, na wewe ukanibeba hadi kwenye basi la alfajiri nimefunikwa shuka lako ili watu wasinione. Ulinikalisha dirishani. Ulilala sakafuni chini ya kitanda changu wodini, wewe usiyeweza kulala bila mto wako. Nyumbani uliwaambia nimekwenda kwa masista kujifunza kushona, na siku ya kunirudisha ulipita sokoni ukanunua kitambaa cha meza kilichotariziwa maua, ukanipa nikishike mikononi tunapoingia, ili waamini. Shangazi wanakisifia mpaka leo, nami hata kushona kifungo cha shati kunanishinda. Ulifanya yote hayo ili siku moja niolewe bila mtu kuninyooshea kidole. Na sasa siri ile ile umeitoa ili nisiolewe.

Baadaye hasira ilipopungua nilijaribu kukaa mahali pako. Najua wanavyokuja barazani jioni. Najua wamekwambia posa ya Jinsy itavunjika, kwamba ukifa watasitasita kukuzika karibu na Mama. Nadhani walikuuliza mara nyingi kama hakuna chochote, chochote kabisa, nawe ulikuwa umechoka. Wewe hujui kusema uongo, kile kitambaa ndicho uongo wako pekee, na kimekutesa. Walipokubana ukawapa jambo la kweli kwa sababu ndilo pekee ulilokuwa nalo. Mimi nimefungiwa chumbani na wewe umefungiwa barazani, na sijui nani kati yetu ana nafasi ndogo zaidi.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Baba, siri ile haipo tena. Nimeitoa mwenyewe.

Kwanza nilimwambia Nishad, kwa simu, kwa sababu kama angekimbia nilitaka akimbie kabla ya Jumanne. Aliuliza wodini tulikuwa tukipewa chakula gani. Nikamwambia uji wa mchele na achari ya embe. Akauliza kama sasa naweza kula uji wa mchele au unanikumbusha. Nikasema unanikumbusha. Akasema basi nyumbani kwetu hautapikwa. Hakuuliza lingine.

Kisha nikamwambia Mwalimu Bhargavi, ambaye alinishika kichwa. Kisha nikachukua mwavuli wake nikaenda kwa Bibi Prameela kwa miguu, mchana kweupe, nikamweleza yote, nikampa jina la daktari. Daktari yule bado yupo, Baba, amekuwa mzee wa ndevu nyeupe. Nilimpigia, akanikumbuka kwa sababu yako, akaniita binti wa yule mzee aliyelala sakafuni. Amesema atakuja Jumanne na basi la kwanza aeleze kwamba nilikuwa na majonzi, nikapona. Bibi Prameela alisema sheria inazungumzia akili za mtu anayeoa leo, si machozi ya mtoto aliyefiwa na mama yake. Lakini akasema pia neno la mzazi ni zito, na atakuuliza wewe mwenyewe, uso kwa uso.

Jinsy nimemwambia kwa simu ya jirani. Amesema posa ya watu wanaokimbia kwa jambo kama hilo heri ivunjike mapema. Na jana nilifungua dirisha wazi, pazia pembeni, nikamwita Bibin aniletee ndizi za kukaanga. Alipofika chini nikamweleza na yeye. Alisimama na karatasi yake ya ndizi, mvua ikimnyeshea, kisha akasema, “Kumbe ndiyo maana hujui kushona, dada.” Ukimwambia Bibin jambo umeliambia bonde zima, kwa hiyo nadhani hata kabla Thankachan hajakufikia, umekwisha kutazamwa barazani kwa jicho jingine. Nisamehe kwa hilo. Sikufanya ili nikuaibishe. Nilitaka tu kile walichokushikisha mkononi kisiwe na makali, ili ukisimama mbele ya Bibi Prameela usiwe umebeba kitu cha kunikata nacho.

Sikuombi uipende ndoa hii. Sikuombi umwite Nishad mwanao, wala ukae naye meza moja siku ya Noeli. Usali uniombee upendavyo, hata uombe nibadili nia, ni haki yako na hakuna sheria inayokukataza. Lakini usiseme kwamba sina akili. Hilo ukilisema nitaolewa au sitaolewa, ila sitakuwa na baba.

Kuna jambo moja limebaki. Sheria inataka mashahidi watatu wa kutia sahihi. Wawili tunao. Mmoja ni Mwalimu Bhargavi. Wa pili ni mama yake Nishad, aliyegombana na kaka yake Moideen wiki nzima, akasema hatanipenda bado, ila hatakubali mwanawe aoe kama mwizi. Nafasi ya tatu wafanyakazi wenzangu wengi wanaitaka, nami kila anayeuliza namwambia imekwisha kupata mtu.

Msalimie Jinsy, mwambie asitoke bila kufunika kifua kwa baridi hii. Wasalimie shangazi zangu wote, na Padri Jerin pia, mwambie sina kinyongo naye. Msalimie hata Baba Mdogo. Kaburi la Mama liwekee maua kwa niaba yangu ukipita Jumapili.

Ofisi ya msajili iko ghorofa ya chini, huhitaji kupanda ngazi na magoti yako. Nje ya mlango kuna benchi moja tu, na wote huketi hapo hapo wakingoja, anayekuja kupinga na anayekuja kushuhudia. Hakuna atakayejua umekuja kwa lipi mpaka jina lako liitwe. Mimi nitaketi upande wa ukutani, nikuachie nafasi.

Nakubusu mkono.

Mwanao,
Lincy wa Maliyekkal